Nasaha kwa Msafiri wa Omani: Fuata Maji

Aliyekusudia kuizuru Omani, awe ametoka Mombasa, Unguja, Kigoma au Bujumbura, hatakosa watu wa kumtajia mambo ya kutazama, maana sifa za ngome zake, za jangwa lake na za msikiti mkuu wa Maskati zimeenea kila mahali. Lakini orodha ya majina haimwonyeshi mtu nchi, na wengi huzunguka toka ngome hii hadi ile wakarejea makwao na picha tele na maarifa haba. Nasaha yangu ni moja, na yote yatakayofuata ni tafsili yake: uwapo Omani, fuata maji. Nchi hii haina hata mto mmoja wa kudumu, na mvua yake, katika sehemu iliyo kubwa, ni ya kubahatisha. Kwa hiyo kila mji uliosimama, kila ngome iliyojengwa na kila shamba la mitende lipo pale lilipo kwa hukumu ya maji, ama yale yaliyofukuliwa chini ya ardhi, ama yale yanayoletwa na ukungu wa pepo, ama yale ya bahari iliyobeba majahazi. Msafiri afikapo mahali akauliza kwanza maji ya hapo yatoka wapi, atafunguliwa habari zote nyingine. Na akiipanga safari yake kwa kufuata majira ya maji hayo, atasalimika na joto, mafuriko na hasara.

Tuanze na majira, maana kosa la majira halina dawa mtu akishafika. Upande wa kaskazini, yaani Maskati, Nizwa, milima ya Hajar, bandari ya Sur na jangwa la Sharqiya, wakati mwema ni tangu mwisho wa Oktoba hadi Machi. Kuanzia Mei hadi Septemba joto la Maskati hupita nyuzi 40, na wenyeji wenyewe hukimbilia kivulini tangu jua halijapanda. Dhofar, jimbo la kusini, ina hesabu yake mbali: huko neema huja kati ya mwisho wa Juni na Septemba, wakati kaskazini kunawaka moto. Aidha, Aprili ni mwezi wa mawaridi katika mlima wa Jabal Akhdhar, na kasa wa pwani ya Ras al-Jinz, ingawa hutaga mwaka mzima, huwa wengi zaidi katika miezi ya joto. Yeyote atakaye kuyaona haya yote kwa safari moja atayaona yote nusunusu. Ni heri achague majira mamoja, ayatimizie haki yake, na yaliyobaki ayaweke kwa safari nyingine.

Ukichagua majira ya baridi, usikae Maskati siku nyingi kabla ya kwenda Nizwa, mji wa kale wa maimamu, mwendo wa saa mbili hivi kwa gari, kwa kuwa huko ndiko maji ya Omani yanakoweza kutazamwa kwa utulivu. Hapo utakutana na falaj, ambayo ni mfereji, lakini si mfereji tu. Wachimbaji wa kale walitafuta maji chini ya mlima, wakachimba kisima mama, kisha wakapasua njia ndani ya ardhi yenye mteremko mdogo mno, ili maji yajiendee yenyewe bila mashine wala mnyama, mpaka yatokeze nje karibu na mji, pengine baada ya kilomita kadhaa za giza. Wazee husimulia kwamba Nabii Suleiman bin Daudi alipopita katika nchi hii akauona ukavu wake, aliwaamuru majini waichimbe mifereji hiyo kwa siku chache; na kwa hakika, mtu akiinamia shimo la hewa lililo juu ya njia hiyo akasikia maji yakipita chini kabisa, hawalaumu waliosadiki. Falaj zaidi ya 3,000 zingali zikifanya kazi, na mwaka 2006 tano miongoni mwake ziliandikishwa katika Urithi wa Dunia wa Unesco. Mbili za hizo, Falaj Daris ya Nizwa na Falaj al-Khatmein ya Birkat al-Mauz, ziko karibu kiasi cha kuonwa katika siku moja.

Lakini usiitazame falaj kwa dakika tano. Kaa kando yake asubuhi, uangalie taratibu yake, kwa kuwa taratibu hiyo ni sheria nzima iliyoandikwa kwa maji. Mahali yanapotokeza ni pa kuteka maji ya kunywa, na hapana ruhusa ya mtu kuoga wala kufua juu yake. Chini ya hapo huja mahali pa kutawadha na kuoga. Kisha maji huingia mashambani, mitende ikitangulizwa, kwa sababu mtende ni mti wa miaka mingi na kufa kwake ni msiba wa kizazi. Na mwisho kabisa hupewa mazao ya msimu, ngano, vitunguu na majani ya mifugo, ambayo hupanuliwa mwaka wa neema na kupunguzwa mwaka wa ukame. Kila mwenye haki hupewa zamu iliyopimwa kwa muda, wala si kwa ndoo. Kipimo chake huitwa athar, nacho ni kiasi cha nusu saa, ambacho zamani kilijulikana mchana kwa kivuli cha nguzo iliyosimikwa ardhini, na usiku kwa kuchomoza kwa nyota. Zamu nyingine ni wakfu wa msikiti, na nyingine hunadiwa ili fedha zake ziutengeneze mfereji. Utamwona mzee amekuja na jembe lake, akaondoa jiwe na matambara yaliyoziba mdomo wa kijito, maji yakageuka kuingia shambani kwake. Na muda wake ukiisha hurudisha jiwe lile lile mahali pake bila ya kuambiwa na mtu. Katika kitendo hicho kidogo mna siri ya jinsi watu walivyoweza kuishi pamoja katika nchi kavu kwa karne nyingi.

Ukishaielewa falaj, ngome zitakusemesha. Mnara wa duara wa Nizwa ulijengwa katika karne ya 17 na Imamu Sultan bin Seif wa ukoo wa Yaariba, kwa kazi iliyochukua miaka 12, na sehemu yake ya chini imeshindiliwa udongo ili uhimili mizinga. Ngazi zake hupinda mara kwa mara, na juu ya kila mlango mna tundu ambalo kwalo walinzi walimwaga asali ya tende iliyochemka juu ya adui. Ingia katika ghala ya tende utazame sakafu yake yenye mifereji midogo: makanda ya tende yalipangwa moja juu ya jingine, uzito wake ukaikamua asali, nayo ikatiririka mpaka kwenye mtungi. Imamu huyu ndiye aliyewatoa Wareno Maskati mwaka 1650, na mwanawe Seif bin Sultan ndiye ambaye jeshi lake liliitwaa Ngome ya Yesu ya Mombasa mwaka 1698. Basi mtu wa pwani yetu asimamapo juu ya mnara ule asijidhani kuwa yu katika historia ya watu wengine. Na Seif huyo huyo, mbali na vita, hukumbukwa Omani kwa mitende mingi aliyoipandisha na falaj alizozifufua. Ndugu yake, Imamu Bilarab bin Sultan, aliijenga kasri ya Jabrin, ambayo dari zake zimepakwa rangi na kutiwa nakshi kwa mikono yenye subira kubwa, na ambayo falaj yake hupita ndani ya kuta. Bilarab amezikwa humo. Ukiwa na nafasi ya kuona jengo moja tu katika Omani ya ndani, liwe hilo.

Lala Nizwa usiku wa kuamkia Ijumaa, ili alfajiri uwahi mnada wa mifugo. Wauzaji huwazungusha mbuzi na ng'ombe katika duara, wanunuzi wakiwa ndani na nje ya duara hilo, na bei hutajwa kwa sauti huku mnyama yu mwendoni. Jua likiwa kali kila kitu kimekwisha. Tahadhari, hata hivyo, usisimame katika njia ya wenye biashara kwa ajili ya picha, maana hapo watu wako kazini. Baada ya hapo nunua tende na halua, na ikiwa wataka chungu, nenda Bahla, mji wa wafinyanzi, ambao ngome yake iliandikishwa Urithi wa Dunia mwaka 1987. Kumbuka kwamba Ijumaa saa za kufunguliwa ngome hupungua, na kwamba siku za mapumziko huko ni Ijumaa na Jumamosi.

Kutoka Birkat al-Mauz njia hupanda Jabal Akhdhar, hadi uwanda wa Saiq ulio kiasi cha mita 2,000 juu ya bahari. Askari walioko chini ya mlima hawaruhusu kupita ila gari lenye nguvu katika magurudumu yote manne, nao wana haki, maana mteremko umewaua wengi waliozitegemea breki; kwa hiyo kodi gari lifaalo, au ukodi na dereva wa huko, na urudipo tumia gia ya chini. Juu utaona makonde yaliyokatwa ngazi ngazi katika genge la jabali, yenye makomamanga na mawaridi, kila ngazi ikipokea maji kutoka kwa ile iliyo juu yake. Ufikapo Aprili, amka na wachumaji, kwa kuwa waridi huchumwa mapema kabla jua halijainyonya harufu yake. Maua hutiwa katika chungu juu ya moto, ndani yake pakiwekwa bakuli, na juu pakafunikwa kwa chombo chenye maji baridi. Mvuke ukigusa ubaridi hugeuka matone na kudondokea bakulini, nayo ndiyo marashi ya waridi yanayotiwa katika halua na kahawa. Yale ya mlimani yana rangi ya hudhurungi na harufu ya moshi kwa mbali. Usiyakatae kwa kuyadhania machafu, maana hiyo ndiyo alama yake.

Sasa niseme juu ya mabonde, na hapa namwomba msomaji asipite upesi. Wadi Shab, Wadi Tiwi na Wadi Bani Khalid ni miongoni mwa mahali pazuri kuliko pote Omani, penye vidimbwi vya maji ya kijani kati ya majabali na mitende; lakini bonde hilo hilo ndilo njia ya mafuriko. Mvua yaweza kunyesha milimani mbali usikokuona, hali juu ya kichwa chako mbingu ni safi, na maji yakashuka ghafula kama ukuta. Usiingie bondeni siku iliyotangazwa mvua, usipige hema katika mchanga wa bonde, wala usivuke kwa gari maji yanayokwenda kasi hata ukiona wengine wanavuka. Vaa viatu vya kushika mwambani, na uogeapo karibu na kijiji jisitiri kwa nguo ya heshima, mwanamume na mwanamke, kwa kuwa vidimbwi hivyo vipo mbele ya nyumba za watu. Ukipita Wadi Bani Khalid, jangwa la Sharqiya li karibu. Lala usiku mmoja humo, ila usiliingie peke yako bila ya mwenyeji ajuaye kupunguza upepo wa magurudumu na kuitambua njia.

Njia ya pwani iendayo Sur hupita Qalhat, bandari ya kale iliyoandikishwa Urithi wa Dunia mwaka 2018, ambako kati ya magofu limesimama kaburi la Bibi Maryam. Ibn Battuta, aliyetembelea Kilwa mnamo mwaka 1331 kisha akapanda chombo mpaka Dhofar, alifika Qalhat pia katika safari hiyo. Huko Sur majahazi ya mbao hayajasahaulika. Katika kiwanda cha kuyaunda utaona ubao ukipimwa kwa jicho la fundi, na kando ya hori limehifadhiwa jahazi kubwa la Fath al-Khair. Mbele ya Sur ni Ras al-Jinz, ambako kasa wa kijani hupanda pwani usiku kutaga. Weka nafasi mapema kwa mamlaka ya hifadhi, uende na kiongozi, usiwashe taa wala kamera ya mwanga, na kasa akiwa bado anachimba usimkaribie, kwani akitishika hurudi baharini na mayai yake.

Ama Dhofar, iliyo kiasi cha kilomita 1,000 kutoka Maskati, yataka safari yake yenyewe, na afadhali kwenda kwa ndege kuliko kukata jangwa mchana kutwa. Pepo ya kusi, ile ile tuijuayo sisi, ambayo wazee wetu waliisubiri ili majahazi yarejee Arabuni, ikifika hapo na unyevu wake hukutana na bahari iliyopoa, ukazaliwa ukungu. Nao huganda kwenye milima inyookayo nyuma ya Salalah, miti ikauchuja tone kwa tone, mpaka nchi yote ikavaa kijani. Wenyeji wa Ghuba humiminika kwa maelfu kuutafuta ubaridi huo, kwa hiyo chumba lazima kikodiwe mbele. Nenda Wadi Darbat utazame ng'ombe na ngamia wakila majani ya mabondeni, na kwenye mashamba ya mjini usishangae ukiona minazi, migomba na mipapai, na wauza madafu kando ya njia.

Nyuma ya milima hiyo, mahali kusi isipofika, ndipo mti wa ubani unapopenda. Wadi Dawkah, kaskazini ya Salalah, ni hifadhi ya miti hiyo, na pamoja na magofu ya bandari za al-Balid na Khor Rori imo katika Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000. Mgemaji hulikwangua gome kwa chuma kifupi, utomvu mweupe ukatoka na kuganda. Wa kwanza hutupwa, na ule wa mikwaruzo ifuatayo ndio unaouzwa. Ubani bora ni wa bara kavu, wenye vipande vikubwa, vyeupe au vya kijani kibichi kidogo, visivyo na vumbi la gome. Ule mwekundu wa giza ni wa bei nafuu. Omba mwenye duka akuchomee chembe moja kabla ya kununua; hilo si utovu wa adabu, bali ndiyo desturi ya soko.

Maskati nimeiweka nyuma kwa makusudi, maana mtu aliyetoka bara huielewa zaidi. Msikiti Mkuu wa Sultan Qaboos ulifunguliwa mwaka 2001, na zulia la ukumbi wake wa wanaume, lenye mita 70 kwa 60 na uzito wa tani 21, lilifumwa na mafundi wa Irani kwa miaka kadhaa. Wasio Waislamu hupokewa Jumamosi hadi Alhamisi, saa mbili hadi saa tano asubuhi. Mwanamke afunike nywele, mikono na miguu, na mwanamume avae suruali ndefu. Jioni nenda Matrah, soko lililo mbele ya bandari, ukapatane bei kwa upole.

Yanabaki mambo ya adabu na ya mfuko. Salimu kabla ya kuuliza, na salamu isiwe ya haraka. Ukikaribishwa kahawa na tende, pokea kwa mkono wa kulia, na ukitosheka kitikise kikombe, la sivyo utaendelea kumiminiwa. Usipige picha ya mwanamke bila idhini, na katika Ramadhani usile wala kunywa hadharani mchana. Utasikia Kiswahili Maskati, Nizwa na Sur, madukani na maofisini, kwa kuwa familia nyingi zilikulia Unguja, Mombasa na maziwani, kisha zikarejea, hasa baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya mwaka 1964 na baada ya Sultan Qaboos kushika utawala mwaka 1970. Lugha hiyo itakufungulia nyumba nyingi. Lakini usianze wewe kuwauliza wazee habari za mwaka 1964, maana wako waliopoteza jamaa na mali. Mwenyewe akiyataja, sikiliza kwa staha, wala usishindane naye.

Fedha ni riyali, yenye baisa 1,000, nayo imefungwa kwa dola ya Marekani kwa thamani ya dola mbili na nusu na ushei. Usidanganywe na udogo wa tarakimu ukadhani kila kitu ni rahisi. Magari huenda upande wa kulia, na usiku ngamia huvuka barabara, basi jitahidi ufike kabla ya machweo. Saa zao zimeitangulia Kenya na Tanzania kwa saa moja, na Bujumbura kwa saa mbili. Sharti za viza hubadilika, kwa hiyo ziulize ubalozini kabla ya kulipa nauli.

Mwenye siku saba akizigawa hivi hatajuta: tatu Nizwa na milima yake, mbili njia ya pwani hadi Sur, moja jangwani, na ya mwisho Maskati. Katika siku hizo zote achukue chupa yake ya maji, asitie sabuni katika falaj, asiingize mguu pale watu wanapoteka, wala asiache taka bondeni ambako mafuriko yatazipeleka shambani kwa mtu. Yote anayoyaendea kuyatazama yamedumu kwa sababu watu walikubali kungoja zamu zao na kutokula haki ya aliye chini yao. Na mgeni anayeishika sheria hiyo, hata kwa siku saba tu, ameshakuwa mmoja wa walioihifadhi nchi.